Wingi wa A haupimi ufundishaji

Mfugaji wa sato kwenye vizimba huku Mwanza hupima vifaranga siku ya kuviingiza majini, ndipo baadaye ajue chakula kimeongeza nini. Vyuoni tunapima siku ya kuvua tu.

Dhana: darasa lenye A nyingi limefundishwa vizuri.

Ukweli: A inaonyesha mwanafunzi alipofika, si alikotokea. Aliyeanza muhula na 60 akamaliza na 70 ameziba robo ya pengo lake: 10 kati ya 40. Mwenzake aliyetoka 30 hadi 65 ameziba nusu. Matokeo yakibandikwa, wa kwanza yuko juu, lakini ukitaka kujua mwalimu amefanya kazi gani, mtazame wa pili. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alipiga hesabu hii kwa wanafunzi 6,542 wa fizikia, wengi wao Marekani. Madarasa ya mihadhara mitupu yaliziba wastani wa 0.23 ya pengo, yale ya kujadiliana na kutatua maswali, 0.48.

Haihitaji mitambo. Siku ya kwanza mimi hugawa nusu karatasi yenye maswali 10, bila maksi. Swali la nne ni la bei za dagaa soko la Mwaloni, Kirumba: siku moja bei ikipaa ghafla, kipi kitayumba zaidi, wastani au mediani (bei ya katikati zikipangwa kwa ukubwa)? Wiki ya mwisho nalirudisha vilevile. Wengi wakilikosa tena, nakubali kwamba sikulifundisha, hata kama kosiweki zao, yaani alama za kazi za muhula, zimependeza.

Dhana: mhadhara ulioeleweka kirahisi ndio uliofundisha.

Ukweli: utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kinyume. Wanafunzi waliosumbuka na maswali wenyewe walidhani wamejifunza kidogo, kumbe walipopewa jaribio waliwapita waliosikiliza mhadhara mtamu.

Dhana: fomu za tathmini wanazojaza wanafunzi zinatosha kumpima mwalimu.

Ukweli: mwaka 2017 mwanasaikolojia Bob Uttl na wenzake walichambua upya tafiti za nyuma, wakakuta alama anazopewa mwalimu karibu hazihusiani kabisa na walichojifunza wanafunzi wake. Fomu zisitupwe, ila ziulize ambayo mwanafunzi anayajua kuliko yeyote: mwalimu anaingia darasani? Anarudisha majaribio mapema? Sauti inafika viti vya nyuma? Tena waulizwe wiki ya tano, muhula ukiwa bado unarekebishika, badala ya kungoja wiki ambayo kila mtu anawaza UE (mtihani wa mwisho wa muhula) na sapu (mtihani wa marudio).