Maana ya usalama wa kibayolojia katika maabara za vyuo vikuu

Usalama wa kibayolojia ni jumla ya taratibu, vifaa na usimamizi vinavyowekwa ili virusi, bakteria, sumu za viumbe na sampuli za damu zinazotumiwa katika utafiti zisimdhuru anayezishika wala kumfikia mtu aliye nje ya maabara. Ulinzi wa kibayolojia ni jambo jingine: huo huzuia vitu hivyo kuibwa au kutumiwa kwa nia mbaya.

Maabara hupangwa katika ngazi 4. Ngazi ya 1 ni ya vimelea ambavyo kwa kawaida haviwaletei maradhi watu wenye afya, na ya 4 ni ya virusi kama Ebola na Marburg.

Ngazi peke yake haimkingi mtu. Chukua mfuko wa taka unaoingizwa katika otoklevu, mtambo unaoua vimelea kwa mvuke wenye shinikizo, mara nyingi kwenye nyuzi 121 za Selsiasi. Juu ya mfuko hubandikwa utepe ambao mistari yake hugeuka myeusi ukipata joto, na wengi wakiiona hudhani kazi imekwisha. La hasha. Utepe huthibitisha kwamba mfuko ulipata joto, lakini hauthibitishi kwamba mvuke ulipenya hadi katikati ya mfuko ulioshindiliwa na kukaa humo kwa muda wa kutosha. Kwa sababu hiyo, mara kwa mara huwekwa pamoja na taka kichupa chenye spora, yaani chembe ngumu zilizolala, za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili joto kupita kiasi. Spora hizo zikiota baadaye, mtambo umeshindwa, hata kama kila utepe ulitoka mweusi.

Usimamizi nao unahitaji jicho lisilo la mtafiti mwenyewe. Nchini Marekani, miongozo ya utafiti wa vinasaba iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 hutaka sasa kila taasisi inayohusika iwe na kamati ya kukagua utafiti huo, yenye wajumbe wasiopungua 5, wawili kati yao wakiwa hawana uhusiano na taasisi hiyo zaidi ya ujumbe wao. Kwangu mimi hao wawili ndio kiini cha utaratibu mzima, kwa kuwa hawana mradi wala cheo cha kutetea pale.

Mwaka 1978 Janet Parker, mpigapicha wa chuo cha tiba cha Birmingham, Uingereza, aliugua ndui na kufariki tarehe 11 Septemba. Hakuwa mtafiti wa virusi. Chumba chake cha kusafishia picha kilikuwa ghorofa moja juu ya maabara ya ndui. Namna virusi vilivyomfikia imebishaniwa tangu wakati huo, lakini chanzo kilikuwa ndani ya jengo lile lile. Kwa hiyo kamati inapopokea ombi la mradi haina budi kuuliza, mbali na majina ya watafiti, ni nani anayefanya kazi ghorofa ya juu, nani anayepiga deki jioni na nani anayebeba mifuko ya taka.