Pembe ya panga katika turbaini ya upepo

Pembe ya panga ni kiasi ambacho panga la turbaini, mtambo unaozungushwa na upepo ili kutoa umeme, limeinamishwa kutoka kwenye duara linalochorwa na mzunguko wake. Panga lenye nyuzi 0 hulala ndani ya duara hilo na kuupokea upepo kifua wazi. Lenye nyuzi 90 huuelekezea upepo ukingo wake mwembamba. Mapanga bapa yakiwekwa katika hali mojawapo ya hizo mbili, turbaini haianzi kuzunguka, na jambo hilo mwanafunzi hulielewa upesi zaidi akiliona kwa macho kuliko akilinakili ubaoni.

Darasani Mwanza vifaa si vya gharama: mota ndogo iliyotolewa kwenye redio kaseti mbovu, kipande cha mti cha kuchomeka mapanga, kadi ngumu, feni, kipimapembe na mita ya umeme. Kundi moja hujaribu nyuzi 10, jingine 20, jingine 45, huku idadi na urefu wa mapanga, pamoja na umbali wa feni, vikibaki vilevile. (Walimu wengi hukimbilia kubadilisha idadi ya mapanga, na hapo jaribio huharibika.) Panga la nyuzi 45 huanza kuzunguka kwa wepesi lakini haliendi kasi, la nyuzi 10 husitasita, kisha likishapata mwendo hulipita lile la kwanza, na mita huonyesha volti nyingi zaidi.

Sababu yake ni kwamba panga linalokimbia hukutana na upepo wake lenyewe, kama mwendesha baiskeli anavyouhisi usoni hata siku tulivu, na kadiri linavyokimbia ndivyo pembe ndogo inavyolifaa zaidi. Ncha hukimbia kuliko shina, kwa hiyo panga zuri husokotwa: pembe kubwa shinani, ndogo nchani. Hata likichongwa kwa ustadi wote, haliwezi kunyonya zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, kikomo kilichoelezwa na Albert Betz wa Ujerumani.

Baada ya feni, turbaini hupelekwa ufukweni mwa Ziwa Victoria alasiri, upepo unapovuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara 8. Lakini nyuma ya majabali upepo huvurugika, na panga lililoshinda darasani huenda likazunguka kwa kushtukashtuka. Ziwa liko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya pwani.