Insulini ya mlo kwa mtoto, kijana na mzee

Swali tunaloulizwa sana kliniki ni: insulini ipi ya chakula ina nguvu zaidi? Zinapishana kasi tu. Kwa nguvu, yuniti moja ni yuniti moja. Insulini ya kawaida, kama Actrapid, huanza kazi baada ya nusu saa hivi na hukaa mwilini saa 6 hadi 8. Lispro, asparti na glulisini huanza ndani ya dakika 10 hadi 20, na baada ya saa 3 hadi 5 zimekwisha. Fiasp, yaani asparti iliyoongezwa kasi, huitangulia ile ya zamani kwa dakika chache. Mpangilio huo ni uleule kwa mtoto na kwa mzee. Kinachotofautiana ni mwili.

Mtoto wa kilo 12 anaweza kutumia yuniti 6 kwa siku. Kwa kukadiria, tunagawanya 100 kwa jumla ya yuniti za siku: yuniti moja inaweza kumshusha sukari kwa mmol/L 17 hivi (mmol/L ni kipimo cha sukari kwenye damu)! Ndiyo maana zipo kalamu zinazopima nusu yuniti. Kijana wa kilo 55 aliye katika balehe anaweza kuhitaji yuniti 60, kwa sababu homoni ya ukuaji huipinga insulini. Kwake yuniti hiyo hiyo inashusha 1.7 tu. Wazazi humshuku kwamba anakula peremende kwa siri. Mara nyingi ni balehe, ingawa dozi zinazorukwa shuleni nazo zipo.

Mtoto mdogo ana jambo jingine: anachomwa, halafu anaukataa uji. Kwa insulini ya kawaida, inayotaka nusu saa kabla ya mlo, hapo sukari inashuka. Zile za haraka zinaweza kuchomwa baada ya kula, kulingana na alichomaliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki 777 wa miaka 1 hadi 17, ulionyesha kwamba Fiasp iliyochomwa dakika 20 tangu mlo kuanza haikupitwa na asparti ya kabla ya mlo kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Waliochoma Fiasp mlo unapoanza walipata nafuu kidogo zaidi. Kwa hiyo kuchoma baadaye tunamwachia mtoto asiyetabirika. Kijana wa kidato cha pili achome kabla.

Kwa mzee, kasi si faida kila mara. Figo zikichoka, insulini hukawia kutoka mwilini. Aliyeishi na kisukari miaka mingi huenda hahisi tena jasho wala kutetemeka sukari inaposhuka, na tumbo lake linaweza kuwa zito kusaga: insulini inafika, chakula bado. Kwake kuchoma baada ya kula huwa salama zaidi.

Insulini ya kawaida na zile za haraka zote ni maji maangavu, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ukipewa chupa yenye jina jipya dukani, uliza kabla ya kuchoma: ni dakika ngapi kabla ya mlo?