Nyika ya Juu: Kwa Nini Makauboi wa Angani Waligawanya Kibanda Chetu

Februari 2020 watu wawili nusura washikane mashati katika kibanda chetu cha video hapa Busia, upande wa Uganda, kwa sababu ya farasi. Mmoja alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, mtu wa makamo, aliyekulia kwenye filamu za makauboi. Mwingine alikuwa kijana wa bodaboda aliyemaliza sekondari na kupenda fizikia. Tulikuwa tumeonyesha vipindi vya mwanzo vya The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars inayomhusu msaka watu kwa malipo katika sayari za mbali, iliyokuwa bado mpya wakati huo. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 12 Novemba 2019, na msimu wake wa kwanza una vipindi 8. Dereva alisema hii ni sinema ya kauboi iliyoibiwa farasi. Kijana akasema ni hadithi ya sayansi iliyoharibiwa na vumbi na bastola. Benchi zikagawanyika, na mimi nikaulizwa nitoe hukumu.

Walinigeukia kwa sababu mimi ni VJ. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, katika vibanda vya Uganda filamu ya kigeni haionyeshwi hivi hivi, lazima isemwe. VJ hukaa na maiki, hushusha sauti ya filamu, hutafsiri, hueleza nani ni nani, tena hutia chumvi yake. Kampala kazi hufanywa kwa Kiganda, na majina kama VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmie huvuta watu kuliko majina ya waigizaji wenyewe. Kenya wana DJ Afro. Mimi hutafsiri kwa Kiswahili kwa sababu Busia ndivyo ilivyo: kwenye benchi moja utamkuta Msamia, Mteso, Mkongo muuza vitenge, dereva wa masafa na mchimba dhahabu wa Tiira. Lugha inayowakutanisha wote ni hii.

Usiku ule sikutoa hukumu. Niliwaambia tu kwamba ugomvi wao ni mkongwe kuliko wao wote wawili. Oktoba 1950, jarida la Galaxy lilipotoa toleo lake la kwanza huko Marekani, jalada la nyuma lilichapisha aya mbili bega kwa bega. Moja ilikuwa ya kauboi anayefika kwa farasi, nyingine ya rubani anayefika kwa roketi, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Shujaa wa aya hizo aliitwa Bat Durston. Jarida liliwaahidi wasomaji kwamba hadithi za namna hiyo hawatazikuta humo kamwe. Kijana alifurahi sana kusikia hivyo. Lakini mwaka 1964 Gene Roddenberry, mtu aliyekuwa amekwisha kuandikia runinga tamthilia za kauboi, alipeleka kwa wenye studio wazo la Star Trek, akalieleza kwa kulifananisha na Wagon Train, tamthilia ya msafara wa mikokoteni iliyopendwa sana siku hizo, ila safari hii msafara unaelekea kwenye nyota. Hapo ikawa zamu ya dereva kufurahi.

Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa wanatazama mahali pasipo. Farasi na roketi ni vyombo vya kusafiria tu. Na kama ni mnyama wa kupanda, tamthilia hii anaye: katika kipindi cha kwanza shujaa anaangushwa mara kadhaa na blurrg, mnyama mwenye miguu miwili na kinywa kikubwa, mpaka mzee Kuiil amfundishe kumtuliza. Ni somo lile lile la kufuga farasi mwitu. Dereva alilikubali shingo upande. Bado swali lilikuwa palepale: ni nini kinachoifanya hadithi iwe ya kauboi, hata ukiipeleka juu ya mawingu?

Jibu nililipata kwa kukosea. Katika hadithi hii watu husema kila mara juu ya maeneo ya ukingoni mwa galaksi, mbali na makao ya serikali. Kiingereza kina neno "frontier" kwa mahali kama hapo, na kamusi inakuambia useme "mpaka". Nikasema mpaka. Busia! Mtu wa Busia akisikia mpaka anaona geti, forodha, foleni, mtu anayegonga muhuri. Kwa dakika kumi hivi watazamaji wangu waliamini kwamba shujaa mwenye kofia ya chuma ni afisa wa forodha. Mama mmoja anayeuza nyanya aliuliza kwa dhati kabisa mbona hakagui mizigo.

Mpaka ni mstari, na serikali iko pande zote mbili. Mimi nilikuwa nasaka neno la mahali ambapo serikali haijafika, au ilifika ikaondoka. Lilikuwapo siku zote: nyika. Watu wa pwani waliita hivyo nchi kavu iliyo nyuma ya mashamba yao, ile ya Taru, ambako misafara ilipita ikihesabu maji kutoka kisima hadi kisima. Reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikaivuka nyika hiyo, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kampala ilingoja treni hadi 1931. Wamarekani nao walikuwa na nyika yao na reli yao, iliyounganishwa Utah tarehe 10 Mei 1869. Hadithi zao za kauboi karibu zote zinakaa katika kipindi kile kifupi ambapo watu na bunduki wamekwisha kufika na hakimu bado yuko njiani. Sheria ya 1862 ilikuwa imeahidi ekari 160 kwa familia iliyo tayari kwenda kulima huko. Waandishi wa sensa ya 1890 wakasema ukingo ule wa makazi hauonekani tena. Kumbe enzi yenyewe haikufika hata miaka 30, na bado inasimuliwa.

Nilipoanza kusema "nyikani" badala ya "mpakani", maswali ya forodha yakaisha.

Basi ukinibana nieleze aina hii ya tamthilia, nitasema ni hadithi ya mahali ambapo serikali iko mbali au imeanguka, na umbali huo una bei. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo mizani yangu ya kupimia nzuri na mbaya. Katika kipindi cha pili, Jawa, wale wadogo wenye majoho wanaookota vyuma, wanakifungua chombo cha shujaa wakati hayupo na kukiacha mifupa. Hawezi kuruka. Hakuna wa kumpigia simu. Inabidi akawaletee yai la mnyama mkali ili arudishiwe spea zake, na linakaribia kumuua. Nilipotafsiri kipindi hiki sikuhitaji kueleza chochote. Madereva na maturnboi, wasaidizi wao, walikuwa wameketi kimya, kila mmoja anamkumbuka jamaa aliyelala siku tatu barabarani akingoja gasketi, akirudi anakuta betri haipo.

Walioiona Firefly, tamthilia nyingine ya makauboi wa angani, wanakijua kisa cha namna hiyo. Ndani yake kifaa kimoja kidogo cha injini kinavunjika, hewa inaanza kuisha, na nahodha anabaki peke yake ndani ya meli iliyokufa. Kwangu hicho ndicho kipindi bora kuliko vyote katika aina hii. Tamthilia hiyo hupakia hata ng'ombe ndani ya chombo cha angani, jambo ambalo kijana wa bodaboda alilicheka niliposimulia. Sikuona la kucheka. Anayeanzisha maisha kwenye sayari kavu atahitaji maziwa na mbolea kabla ya kuhitaji bunduki ya miali. Firefly ilitengenezewa vipindi 14. Kituo kilichoirusha mwaka 2002 kilionyesha 11, kikaanza na wizi wa treni, na kile kipindi cha kufungulia hadithi kikaja mwisho kabisa, Desemba. Watazamaji walianza bila kuonyeshwa vita ambavyo watu hawa walishindwa, vilivyowafanya waichukie serikali.

Kosa hilo nalifahamu kwa uchungu. Flashi niliyoletewa ilikuwa na vipindi vilivyochanganyika majina, nasi tukaonyesha cha nne kabla ya cha pili. Mtoto wa kijani, yule ambaye shujaa alitumwa kumsaka kwa malipo, alishaonekana yuko huru na shujaa kabla hatujaona kumwokoa kulivyogharimu. Nusu ya ubishi wa juma lile ulitokana na uzembe wetu huo. Mpangilio katika hadithi za nyika ni kitu kizito, kwa sababu deni linalofanywa leo hulipwa vipindi viwili mbele.

Kipindi hicho cha nne ndicho walichokipenda wengi: kijiji cha wafugaji wa kamba wadogo wa bluu, majambazi msituni wenye mashine ya vita inayotembea kwa miguu miwili, na wageni wawili wanaowafundisha wanakijiji kujilinda. Muundo huo ulitoka Japani. Akira Kurosawa aliutengeneza mwaka 1954 akiwa na samurai saba, Hollywood ikaufanya wa makauboi mwaka 1960, na hapo ukapanda angani. Naliheshimu deni hilo, ila sikubali kwamba kuazima peke yake ni kosa. Sisi wa mpakani tunaishi kwa vitu vilivyoazimwa. Ninacholalamikia katika kipindi hicho ni kwamba mafunzo yanakwisha haraka mno, na hakuna mwanakijiji tunayemfahamu anayelipa kwa maisha yake. Umbali umepunguziwa bei.

Mtu aliyenifungua macho zaidi katika ubishi wote ule hakuwa shabiki. Ni mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, anayekuja kibandani kwa sababu ya feni. Hadithi ya The Mandalorian inaanza miaka mitano hivi baada ya dola kubwa kuanguka. Askari wa dola wamebaki huku na huko na sare zao chafu, serikali mpya iko mbali, na silaha zimezagaa. Vijana waliiona hali hiyo kama mapambo. Mzee akasema, taratibu, kwamba yeye aliiona Moroto, kwa Wakaramoja, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramoja wakaingia ghalani wakachukua bunduki. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu mababu, ulikuwa na mikuki na wazee wa kuusuluhisha. Baada ya hapo ukawa na risasi. Serikali ilianza kuzikusanya silaha hizo kwa mpango mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kazi imekwenda ikirudi tangu hapo.

"Serikali ikianguka," alisema mzee, "bunduki zinabaki zimesimama."

Kijana wa bodaboda alimwomba arudie. Mimi nililiweka neno hilo katika tafsiri yangu ya kipindi cha saba, pale masalia ya dola yanapozingira nyumba, na linasemwa hadi leo na watu wasiojua limetoka wapi.

Halafu likaja swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Mlinzi wetu wa usiku ni Mkaramoja. Aliposikia nimesema "nyikani" kwa mara ya ishirini, aliniita pembeni. "Kaka VJ, nyika ya nani? Mimi pale unapopaita nyika nilizaliwa."

Nilikosa jibu, na bado naona alinishika pabaya. Hadithi nyingi za kauboi zilijengwa juu ya kutomwona mtu huyu. Kwa zile za angani ni rahisi hata zaidi, maana mwandishi anaweza kusema sayari ilikuwa tupu. Kipindi cha tano cha The Mandalorian kinajaribu kufanya tofauti, na ndiyo sababu nakithamini ingawa wengi wanakiona dhaifu. Kijana mwenye haraka anawaita watu wa jangwani, Tusken, kwa dharau. Shujaa anamwambia kuwa wao hujiona ndio wenyeji, na wengine wote ni wavamizi. Kisha hapiti kwa nguvu. Anazungumza nao kwa ishara za mikono na kulipia njia kwa darubini ya yule kijana. Ishara hizo zilibuniwa na Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi ambaye mwenyewe amevaa sura ya Tusken katika kipindi hicho. Mwaka 2022 alipata Oscar kwa filamu nyingine.

Tulipanga kukionyesha Jumamosi ya tarehe 21 Machi 2020. Tarehe 18 rais alitangaza kufungwa kwa mikusanyiko kwa ajili ya korona, na kibanda kikanyamaza. Madereva waliendelea kupita, kwa sababu mizigo haikusimama. Wakawa watu wa kupimwa, kuogopwa na kulala kwenye foleni chini ya malori. Yule wa Mombasa alinipigia simu usiku mmoja kutoka barabarani, akaniuliza yule wa kofia ya chuma alizipataje spea zake, kwa sababu alitaka kumsimulia turnboi wake na alikuwa amesahau mambo ya yai.

Kipindi cha tano nilikuja kukionyesha baada ya vibanda kufunguliwa. Mlinzi nilimwomba aketi mbele. Tulipofika pale kwenye ishara za mikono nilishika maiki, nikaitazama mikono ya Tusken, nikaiweka maiki chini. Kibanda kizima kiligeuka kunitazama, wakidhani umeme wa spika umekatika. Mlinzi peke yake hakugeuka.