Hakuna kipimo kimoja cha kansa

Karibu kila wiki anaingia mtu chumbani kwangu, anakaa, anasema: "Daktari, nimekuja kupima kansa." Namuuliza, kansa ya nini? Hapo ananishangaa. Ametoka msibani Mbagala au Tabata, kasikia marehemu aligundulika akiwa amechelewa, na sasa anataka damu ichukuliwe, jibu litoke jioni, akalale kwa amani. Namwelewa. Ila kipimo hicho hakipo, si hapa Dar es Salaam wala kwingineko.

Mimi ni daktari wa familia. Kazi yetu haijulikani sana mjini, maana mkazi wa Dar akiumwa mgongo anamtafuta daktari wa mifupa, akiumwa tumbo anamtafuta wa tumbo. Sisi tunamwona bibi, mama na mtoto wa nyumba moja, miaka nenda rudi. Kwenye kansa hatuchomi mionzi na hatufanyi upasuaji mkubwa. Tunaamua nani apimwe nini, lini, na nani asipimwe kabisa.

Swali ninaloanza nalo ni hili: kuna kitu kinakusumbua, au umekuja ukiwa mzima? Majibu yake yana njia mbili tofauti, na kuzichanganya kumeumiza wengi. Asiye na dalili tunamchunguza ili tukute jambo kabla halijawa ugonjwa. Mwenye dalili anatafutiwa sababu ya dalili ile mpaka ipatikane. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa asiridhike na kadi ya kampeni ya upimaji inayosema hana tatizo. Uchunguzi wa kampeni umepangwa kwa ajili ya mwanamke asiyetokwa damu.

Kansa ambazo inafaa kuzitafuta kwa mtu asiye na dalili ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha masharti yaliyoandikwa na Wilson na Jungner, na mpaka leo nayapitia kichwani kabla ya kuandika kipimo: ugonjwa uwe na hatua ya mwanzo inayoweza kuonekana, tiba iwepo, watu wakikubali kipimo chenyewe, na atakayekutwa na tatizo awe na pa kwenda. Ndiyo maana sivipendi vifurushi vya "kupima mwili mzima" vinavyouzwa mjini, vyenye CEA na CA-125, vipimo vya damu vya alama za kansa, ndani yake. CA-125 hupanda mwanamke akiwa hedhini, akiwa mjamzito, akiwa na fibroidi, hata akiwa na kifua kikuu cha tumbo. CEA hupanda kwa mvuta sigara. Vipimo hivi vina kazi yake, hasa kumfuatilia mgonjwa ambaye kansa yake tayari inajulikana. Kwa mtu mzima vinaleta hofu na gharama, na vikitoka safi vinampa matumaini yasiyo na msingi.

Mlango wa kizazi ndio unaotimiza masharti yote. Na ndiyo kansa inayoongoza kwa kuua wanawake nchini: makadirio ya mwaka 2020 kwa Tanzania yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Chanzo kinajulikana, ni kirusi cha HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya kansa hizi. Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi iliyofichua hilo. Wengi wetu tuliowahi kujamiiana tumekutana na kirusi hiki wakati fulani, na kwa kawaida mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikigoma kutoka, huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa kansa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga iliyoshuka, kwa mfano mwenye VVU ambaye hajaanza dawa. (Kwa hiyo akina baba na akina mama, majibu ya HPV yasiwe hati ya mashtaka ndani ya nyumba. Hayasemi nani alimpa nani, wala mwaka gani.)

Miaka hiyo yote ni nafasi yetu. Kipimo kinachofanyika zaidi kwenye vituo vyetu ni kile cha siki. Muuguzi anaweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, anapaka mlango wa kizazi asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anatazama. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Weupe ule si kansa, narudia, si kansa. Mara nyingi ni chembe zilizoanza kwenda kombo, na wakati mwingine ni uvimbe wa kawaida wa maambukizi. Ikiwa eneo ni dogo na linaonekana lote, linachomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, ikiwezekana siku hiyohiyo, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Nimeona wanawake wakilia kwa neno "chanya" wakati walichopewa kilikuwa habari njema: tatizo limekutwa likiwa bado linatibika kwa dakika chache.

Umri una sababu yake. Tunawaita hasa wenye miaka 30 hadi 50. Chini ya hapo, mabadiliko mengi hupotea yenyewe na tutakuwa tunachoma wasichana bure. Juu ya hapo, baada ya hedhi kukoma, eneo linalobadilika hujificha ndani ya njia ya kizazi, macho hayalifikii, na jibu la "hasi" linakosa uzito. Bibi wa miaka 62 akiniomba kipimo cha siki simfukuzi, ila namweleza kwamba kwake hicho si kipimo, namtafutia kingine. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari mara sita zaidi, hivyo huanza mapema na kurudi mara kwa mara. Kama unahudhuria CTC, kliniki ya VVU, na hujawahi kuulizwa habari za mlango wa kizazi, uliza wewe.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza pale kinapopatikana. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, kwa kijiti laini chenye pamba. Ukitoka hasi, unakaa miaka 5 mpaka 10 kabla ya kurudi. Kwa siki tunashauri kila baada ya miaka 3. Ukiniuliza mimi, kujichukulia sampuli kutaleta wanawake wengi kuliko mahubiri yetu yote, kwa sababu kinachowazuia wengi si ujinga. Ni kile kitanda na miguu juu.

Kuhusu chanjo, Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wakasema serikali inabana matumizi. Hapana. Sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilitoka hapahapa kwetu, Mwanza, ambako wasichana 930 wa umri huohuo walifuatiliwa, na dozi moja ikaonekana kujenga kinga inayodumu dhidi ya aina 16 na 18. Na ile ya kwamba chanjo inafunga kizazi, nimeisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya wazazi, na kwa mwalimu mmoja wa sayansi. Haifungi. Inazuia ugonjwa ambao, ukifika, ndio unaoondoa kizazi.

Kwenye titi mambo si mepesi hivyo. Tumewafundisha wanawake kwa miaka mingi kujipapasa kila mwezi kwa ratiba. Utafiti mkubwa wa Shanghai, wenye wafanyakazi wa viwanda vya nguo zaidi ya 266,000, ulitoa majibu yake mwaka 2002: waliofundishwa kujipapasa hawakufa wachache kuliko wenzao, ila walikatwa vinyama (vipande vya kupimwa maabara) vingi zaidi kwa uvimbe usio na madhara. Simwambii mtu aache kulijua titi lake. Namwambia asijilaumu kwa kusahau ratiba, na asikae na uvimbe hata mwezi akisubiri "uyeyuke". Mamogramu, yaani mashine za eksirei ya titi, ni chache na ziko mjini, na wagonjwa wetu wengi ni vijana kuliko wa Ulaya, wenye matiti mazito ambayo mamogramu huyasoma kwa shida. Kwa hao altrasaundi inasaidia zaidi.

Ushahidi unaonifaa zaidi ulitoka Mumbai, India. Wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa miaka 20. Wahudumu wa afya wa ngazi ya chini, si madaktari, waliwapapasa takriban nusu yao matiti kila baada ya miaka miwili na kuwapima mlango wa kizazi kwa siki, nusu nyingine wakawa wa kulinganishia. Kansa za titi zilikutwa zikiwa katika hatua za awali zaidi, na kwa waliovuka miaka 50 vifo vilipungua. Kwa kipimo cha siki, vifo vya kansa ya mlango wa kizazi vilishuka kwa asilimia 31. Mikono iliyofundishwa na chupa ya siki. Ninapoona bajeti ya mashine mpya, huwa nawakumbuka wahudumu wale.

Wanaume huja na habari ya tezi dume kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa. Hapa sisukumi kila mtu. Kipimo cha damu cha PSA hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo, kwa mpira wa mkojo, na kwa tezi iliyotanuka tu kwa uzee bila kansa yoyote. Kansa nyingine za tezi dume huenda polepole kiasi kwamba mzee atakufa nazo wala si kwa ajili yake, huku tiba ikimwachia kuvuja mkojo na kushindwa ndoani. Mwenye baba au kaka aliyeugua tunaanza mazungumzo akiwa na miaka 45. Mzee wa miaka 78 asiye na shida namuuliza kwanza, shikamoo zikishaisha: tukiikuta, utataka tufanye nini? Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyomwacha alale usiku ni habari nyingine. Huyo hachunguzwi kama mtu mzima, huyo ana dalili.

Na kwenye dalili ndiko tunakopoteza watu wengi, kuliko kwenye kampeni zilizokosa kufanyika.

Chukua "vidonda vya tumbo". Nusu ya Dar ina vidonda vya tumbo kwa maelezo ya wenyewe. Mtu anaungua kifuani, ananunua omeprazoli duka la dawa, anapata nafuu, inarudi, ananunua tena. Wengi wao hawana kitu kikubwa. Ila kuna maswali matatu ninayouliza kila mmoja: Umepungua bila kutaka? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Chakula kinakwama? Hili la mwisho lina mpangilio wake. Kwanza ugali unakwama unaushushia maji, baadaye unahamia wali laini, kisha mtori, kisha uji, na kwa sababu mabadiliko yanakuja taratibu mgonjwa anaona ni kawaida, "siku hizi napenda vyakula laini". Hiyo ni kansa ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, mpaka kamera inayoingizwa kwa mdomo ithibitishe vinginevyo. Afrika Mashariki tunayo kwa wingi. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa. Chai haina kosa. Iache ipoe.

Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au tone lolote baada ya hedhi kukoma mwaka mzima: usikubali kupewa vidonge kabla hujatazamwa. Wapo waliomaliza dozi tatu za "fangasi" na "PID" (maambukizi ya viungo vya uzazi) bila mtu kuweka spekulamu hata mara moja. Dakika tano za kutazama zingetosha.

Halafu kinyama. Hakuna kansa iliyothibitishwa mpaka kipande cha nyama kisomwe chini ya hadubini, isipokuwa chache kama za damu, ambazo zina njia zake. Wengi wanaamini uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Naelewa imani hiyo ilikotoka: mgonjwa alikuja kansa ikiwa imeshatembea, akapasuliwa, akafariki, na majirani walichokiona ni kisu. Ndivyo pia lile jengo la Wajerumani kando ya bahari, Taasisi ya Saratani Ocean Road, lilivyopata jina baya la mahali pasiporudiwa. Watu walifika wakiwa wamechelewa, wengi kwa kuogopa jina hilohilo.

Ukikatwa uvimbe wowote, hata ule wa "mafuta tu", uliza: kinyama kimeenda wapi? Nimepokea akina mama waliotolewa uvimbe wa titi sehemu fulani na kile kilichotolewa kikatupwa. Unabaki na kovu na swali lisilojibika. Kinyama kinatakiwa kiwekwe kwenye chombo chenye fomalini ya kutosha, mara kumi ya ujazo wake, si maji wala drip, ambamo kitaoza kabla hakijafika maabara. Kwa titi, omba kisomwe pia vipokezi vya homoni na HER2 (alama iliyo juu ya chembe za kansa), maana ndivyo vinavyoamua dawa.

Majibu yakitoka, yapige picha kwa simu siku hiyohiyo, mtumie na ndugu mmoja picha hiyo. Karatasi hulowa mvua za masika na hupotea kwenye kuhama nyumba. Uliza pia namba ya maabara iliyoandikwa juu ya jibu, kwa sababu kipande chako kimehifadhiwa kwenye nta, na daktari wa Ocean Road au Muhimbili akitaka kukisoma upya atakiomba kwa namba hiyo, wewe usikatwe mara ya pili.