Aiskrimu ya Jibini Si Mzaha: Dhana Nilizochoka Kuzisikia Kaunta

Juzi nimeisikia tena, mara tatu kwa siku moja: "Hiyo mmeiweka watu wapige picha tu, nani ataila?" Mteja kanyoosha kidole kwenye trei ya aiskrimu ya jibini, kakunja uso, kisha kaagiza vanila bila kuonja chochote. Sina ugomvi na vanila, naitengeneza mwenyewe kila asubuhi. Kinachoniuma ni hukumu kutolewa kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Dhana yenyewe ni kwamba aiskrimu halisi ni ya matunda, chokoleti na vanila, na nyingine zote ni vioja vya siku hizi. Si kweli hata kidogo. Mapishi ya aiskrimu ya jibini ya Parmesan yalichapishwa London mwaka 1789, zama ambazo mpishi aligandisha kwa barafu iliyochanganywa na chumvi kwa sababu friji haikuwapo. Basi anayeiita jibini mtindo wa vijana amechelewa zaidi ya miaka mia mbili.

Na ukiifikiria aiskrimu yenyewe ni nini, mshangao unaisha. Ni mafuta ya maziwa, sukari, hewa, na maji yaliyoganda kuwa chembe ndogo sana. Jibini nayo imetoka kwenye maziwa, kwa hiyo hapo ndugu wamekutana. Mafuta hayo hubeba harufu nyingi ambazo maji hayawezi kuzibeba vizuri, ndiyo maana ufuta uliokaangwa, zafarani, mrehani na hata pilipili hutulia ndani ya krimu. Ila kila kimoja kina masharti yake. Majani ya mrehani nayaloweka kwenye maziwa baridi usiku kucha, kwa kuwa moto huyapa ladha ya mboga iliyochemshwa. Ukionja mahali ukakuta ladha hiyo, mlaumu mtengenezaji, usiulaumu mrehani.

Sasa mbona watu hukataa? Mara nyingi ni jina. Mwaka 2008 Martin Yeomans wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake, akiwemo mpishi Heston Blumenthal, walichapisha jaribio la aiskrimu ya samaki aina ya samoni aliyekaushwa kwa moshi. Waliopewa wakiambiwa ni aiskrimu waliichukia na kusema ina chumvi mno. Walioambiwa kuwa ni chakula cha chumvi kilichogandishwa waliipokea vizuri. Chakula ni kile kile, chumvi ni ile ile. Ulimi ulikuwa umeshaandaliwa kwa sukari, ukakutana na samaki, ukakasirika.

Kwa hiyo ushauri wangu, nao nitaurudia hadi nistaafu: mtajie muuzaji kila kitu chenye kukudhuru mwilini, kisha mwombe akupe kijiko kimoja bila kukuambia jina. Usitafune na usimeze haraka. Ulimi ulio baridi hausikii utamu vizuri, ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka huonekana tamu kupita kiasi. Acha iyeyuke mdomoni, toa pumzi puani, hapo ndipo harufu inapopanda. Kisha chukua kijiko cha pili. Cha kwanza ni cha mshtuko, hakina ushahidi wowote. Anza na za maua na matunda, zifuate za njugu na jibini, pilipili iwe ya mwisho kabisa, maana ukitangulia nayo hizo nyingine utazilipia bure. Baada ya vijiko viwili, ukisema huipendi, nakuheshimu na vanila nakuchotea kwa moyo mweupe.

Dhana nyingine hazinisumbui kiasi hicho, lakini nazo zina gharama. Ipo ya rangi. Mtu anaona aiskrimu yetu ya pistachio, aina ya njugu za kijani, imefifia, kijani kinachoelekea kahawia, anauliza kama imeharibika. Hiyo ndiyo rangi ya pistachio zilizokaangwa na kusagwa. Aiskrimu iliyotiwa mnanaa wenyewe huwa karibu nyeupe, na ya ndizi huelekea kijivu. Ukiona kijani cha kung'aa au njano kali, jua rangi imeongezwa.

Wengine huamini kwamba aiskrimu laini imeanza kuharibika. Inategemea. Pombe na chumvi hushusha kiwango cha joto ambacho aiskrimu huganda, kama sukari inavyofanya, hivyo yenye pombe itakuwa laini kuliko jirani yake kwenye kabati hilo hilo. Ya kuogopa ni ile yenye chembe kubwa za barafu zinazokwaruza ulimi: hiyo imeyeyuka ikagandishwa tena.

Ile nyeusi ya mkaa "inayosafisha mwili" naomba tuiache kabisa. Mkaa huo ni wa aina ile ile inayotumika hospitalini kwa waliomeza sumu, kwa sababu hunasa kemikali tumboni kabla mwili haujazifyonza. Hauwezi kutofautisha sumu na dawa yako. Kama unameza dawa za kila siku, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, usiile. Idara ya afya ya jiji la New York iliupiga marufuku kwenye vyakula vya migahawa mwaka 2018. Ukitaka nyeusi, ufuta mweusi upo, na una ladha.

Sorbeti, ile ya matunda, maji na sukari bila maziwa, nayo watu huiona salama kwa mwenye mzio wa maziwa. Kwenye mapishi, ndiyo. Kaunta, si lazima: kijiko kilichotoka kwenye trei ya njugu kikisuuzwa ndani ya maji ya pamoja hubeba njugu na maziwa vilevile. Omba kijiko kilichooshwa upya na trei ambayo haijafunguliwa. Muuzaji akikunja uso, usinunue.