Nyumba inayopanda na maji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wakisikia "nyumba ya amfibia" hudhani ni nyumba juu ya boti, inayoyumba usiku na mchana. Sivyo. Huko Maasbommel, Uholanzi, kando ya mto Maas, zipo za aina zote mbili: 14 huelea siku zote, na 32 ni za amfibia, hutua kwenye misingi yake ukingoni. Hizi 32 huinuka mto ukijaa tu, hadi mita 5.5, na maji yakipwa zinarudi palepale. Mafuriko ya 2011 yaliziinua kweli.

"Lakini zege huzama!" Donge la zege huzama, ila kitako cha zege cha nyumba hizi ni sanduku tupu ndani. Kila mita ya ujazo ya maji inayosukumwa hubeba takriban tani 1, hivyo kitako cha mita za mraba 60 kikizama mita 1 kinabeba tani 60. Wala nyumba haichukuliwi na mkondo: imeshikwa na nguzo za chuma zilizochimbiwa chini, na huteleza juu na chini kama pete kidoleni. Mabomba na nyaya hunyumbulika, vinaifuata.

Wengine husema ni anasa ya Wazungu matajiri. Lakini wavuvi wa Old River Landing, Louisiana, Marekani, wamefunga mapande ya povu gumu la plastiki chini ya vibanda vyao kwa miongo kadhaa. Dhaka, Bangladesh, mwaka 2010, msanifu Prithula Prosun alitumia chupa tupu za plastiki kuelesha nyumba.

Dhana inayonitia hofu ni kwamba basi tuzijenge kila bondeni. Nyumba hizi zinataka maji yanayopanda taratibu. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hauna upole huo: mvua ikinyesha Pugu na mjini, maji yanashuka Jangwani kwa kasi, yamebeba mchanga, magogo na takataka. Gogo moja likikwama kwenye nguzo, nyumba inapanda upande mmoja tu na kuinama, watu wakiwa ndani. Na mchanga ukijaa chini ya kitako, maji yakipwa haitui sawasawa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao, na naelewa kwa nini mtu angetamani nyumba ya kumbakisha Jangwani. Lakini anayemuuzia ndoto hiyo amwonyeshe kwanza jinsi nguzo zitakavyostahimili magogo, na nani atazoa mchanga kabla nyumba haijashuka.